Nyumba Iliyongoja Makali

Kitendawili. Namlisha kila siku, naye kila siku anakonda.

Wajukuu wangu nikiwatega hiki hujibu mshumaa, hujibu sabuni, na mmoja aliwahi kujibu mwalimu wao wa hesabu. Wote hukosa. Jibu ni chuma cha randa cha babu yao, Gikonyo. Alikinunua kikiwa kirefu kama kiganja changu, na kufikia mwaka wa elfu mbili na tano, ambao ndio nataka kuwasimulia, kilikuwa kimebaki kama kidole gumba. Msidhani kililiwa na mbao. Kililiwa na jiwe la kunolea.

Mimi naitwa Nyaruai. Niliolewa na fundi seremala, na kwetu ni nje kidogo ya Kitale, ukishika barabara ya kwenda Suam. Mwaka huo nyumba yetu ya zamani ilikuwa imekufa. Ilikuwa ya mbao, Gikonyo aliijenga kwa mikono yake, na mchwa wakaila kuanzia chini kwenda juu bila haraka, mpaka siku moja nikaegemea ukuta nikapitia upande wa pili. Watu walitucheka sana. Nyumba ya seremala kuliwa na mchwa ni kama mwenye kinu cha posho kulala njaa.

Basi tukabomoa. Tukafyatua matofali ya udongo, yale mabichi ya kukaushwa na jua tu, maana kuni za kuyachoma hatukuwa nazo. Kuta zikapanda vizuri. Vitanda na vyombo vyangu tukavihamishia karakana, kwenye banda la kazi la Gikonyo. Nikawa napika katikati ya maranda, nalala katikati ya maranda, nikijikung'uta asubuhi yananidondoka kama kuku anayetoa manyoya.

Mtu ambaye hajaishi kwa tofali bichi hawezi kujua hofu yangu. Tofali bichi likiwa na paa juu yake litakaa mpaka mjukuu wako awe na mjukuu. Likikosa paa, mvua ikilipata, linakunywa maji na kulala chini kama sukari kwenye chai. Na mvua kubwa ya kwetu ikianza haikupi nafasi ya kujieleza. Mwaka huo sikutaka nguo, sikutaka kuku, sikutaka hata kwenda kumwona mtoto wetu Nyambu. Nilitaka paa liwe juu kabla ya mvua. Hicho tu.

"Usijali," Gikonyo akaniambia. "Mbao ziko. Mabati yako. Nitaita Khisa atoke Bungoma tushirikiane. Mafundi wawili wa zamani, hiyo ni kazi ya kumaliza tukipiga mluzi."

Khisa ni rafiki yake wa ujana. Walifundishwa kazi pamoja mjini Kitale na Kalasinga mmoja mwenye kilemba, mtu ambaye hakuwa na maneno. Ukimpelekea patasi uliyonoa, aliipitisha kwenye kucha. Kama haikumpendeza aliitupa kwenye maranda, akaendelea na kazi yake. Hakuna kutukana, hakuna kueleza. Wanaume hao wawili waliitafuta sifa ya Kalasinga ujana wao wote, na mzee wa watu alirudi kwao bila kumsifu hata mmoja. Mimi naona ugonjwa wao ulianzia hapo.

Khisa alifika amebeba sanduku la mbao begani, kofia imeloa jasho, na l na r zikipishana mdomoni mwake kama kawaida.

"Shemeji, habali ya hapa?"

"Ni mzuri, shemeji. Karibu chai."

"Chai itangoja. Gikonyo, hebu nione hiyo patasi."

Hakuwa amekaa chini. Akaichukua patasi, akaipitisha kwenye kucha, akainyanyua juani, akafunga jicho moja.

"Hii unakatia nini? Ugari?"

"Nipe yako na mimi nione," Gikonyo akasema. Akaitazama ya Khisa kwa muda. "Ahaa. Na hii ulinoa na nini, goti?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka pia, nikaenda kuweka sufuria. Niliporudi na chai nilikuta kila mmoja ameinama kwenye jiwe lake, mgongo kwa mgongo. Chai ilipoa. Nikaimwaga.

Sasa ilikuwa hivi. Gikonyo hunoa kwa mafuta. Anachanganya oili chafu ya gari na mafuta ya taa, na yakiisha hayo ananyemelea mafuta yangu ya kupikia. Khisa hunoa kwa maji. Kwa Khisa, mtu wa mafuta ni mchafu. Kwa Gikonyo, mtu wa maji ni mvivu. Kila mmoja alikuwa anaapa kwamba jiwe lake ndilo la aina aliyotumia Kalasinga.

"Kalasinga alitumia mafuta, bana! Si mimi ndiye nilikuwa namletea kopo?"

"Ulikuwa unaleta kopo ra maji."

"Maji inanuka petroli?"

"Wewe ndio ulikuwa unanuka."

Mimi nilimjua huyo Kalasinga. Alikuwa na mawe mawili. Nilipowaambia hivyo walinitazama kama mtoto aliyeingilia maongezi ya wakubwa, wakarudi kuinama.

Asubuhi nilikuwa naamshwa na hiyo sauti. Shwii, shwii, shwii. Kwanza patasi, za mapana yote. Halafu vyuma vya randa. Halafu misumeno, ambayo haiendi kwa jiwe, inabanwa kwenye vaisi na kupigwa tupa jino kwa jino, na kila jino likishapigwa linapindishwa kidogo, hili kushoto, hili kulia, kama watu wanaopishana kwa mlango wa kanisa. Khisa akimaliza msumeno, Gikonyo anainama kuukagua, anakuta jino moja limezidi wenzake. Wanaanza upya. Gikonyo akimaliza wake, Khisa naye anakuta jino. Na jua lilikuwa linawaka, anga haina hata doa, zile siku tamu kabisa za mtu kupandisha paa.

"Baba Nyambu," nikamwambia, "hizo meno ni za kukata mbao ama za kuoa?"

"Mama Nyambu, chombo butu kinamwaibisha mwenyewe."

"Na nyumba bila paa inamwaibisha nani?"

"Kesho," akasema.

Njia yao ya kujua kama makali yamekubali ni kunyoa. Unaweka chuma kwenye mkono wako wa kushoto, unakipitisha juu ya ngozi, nywele zikianguka bila kuvutwa, hapo chombo kimeiva. Mkono wa kushoto wa Gikonyo tangu nimjue ni laini kama yai. Khisa alitoka Bungoma na mikono yenye nywele, na haikuchukua muda ikaisha. Wakahamia miguu. Miguu ikaisha. Nikawakuta asubuhi moja wamekaa wanatazamana vichwa, lakini vichwani nako umri ulikuwa umetangulia.

Siku iliyofuata nikasikia jirani yetu Chepchumba anakuja huku anaongea tangu kwa lango lake. Chepchumba ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bondeni.

"Mama Nyambu! Nani amenyoa mbuzi yangu?"

"Mbuzi gani?"

"Si hii hapa! Tazama! Upande moja iko na manyoya, upande ingine imekuwa kama mtu wa kwenda jela!"

Kweli, mbuzi alikuwa na uwanja mzima ubavuni, umenyolewa safi, hata mkwaruzo hakuna. Nilitazama banda la kazi. Wazee wawili walikuwa wameinama sana, kuliko siku zote.

"Wazee," Chepchumba akasema, mkono kiunoni, "ni nyinyi?"

"Mama," Khisa akajibu bila kuinua kichwa, "huyo mbuzi ameumia mahali?"

"Hapana."

"Ametoka damu?"

"Hapana."

"Basi mshukuru Mungu kwa ajiri ya mafundi."

Chepchumba akacheka kwa hasira, akamburuta mbuzi wake nyumbani. Lakini kabla hajavuka lango aliniita pembeni. "Mama Nyambu, hiyo ukuta yako. Jana nimeona mlima umevaa wingu asubuhi. Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Mlima Elgon ukijifunika asubuhi si mambo mazuri.

Nikajaribu njia ya vitendawili, maana mwanaume akiambiwa jambo uso kwa uso hufunga masikio, lakini akitegwa hufikiri ni mchezo. Mchana wakiwa wanakula githeri nikasema, "Kitendawili!"

"Tega," wakaitikia, mdomo umejaa.

"Mgeni wangu hapigi hodi mlangoni. Hupitia juu, na akiingia hula ukuta."

"Mchwa," Gikonyo akasema.

"Mchwa anapitia chini. Umekosa."

"Panya," Khisa akasema.

"Umekosa."

Wakafikiri. Gikonyo akajaribu popo. Mwishowe Khisa akasema, "Tumeshindwa, shemeji. Tunakupa mji. Chukua Bungoma."

Basi nikaichukua Bungoma. "Nilikwenda Bungoma," nikasema, "nikapokewa vizuri, nikatembezwa. Nikaona nyumba ya chifu ina paa. Nikaona nyumba ya mjane ina paa. Nikaona choo kina paa. Nikaona kuku, jamani, kuku wa Bungoma, wamelala ndani ya kibanda na mabati juu. Nikauliza, mafundi wa huku ni kina nani? Nikaambiwa ni wale ambao hawakusafiri. Jibu ni mvua."

Khisa akaweka kijiko chini. Nikaona maneno yamefika mahali, nikafurahi moyoni.

"Shemeji amesema kweri," Khisa akamwambia Gikonyo. "Tuanze kesho. Ila ire misumeno mikubwa hatujaigusa bado."

Nilibeba sahani nikatoka.

Nikaona sasa nitumie mikono yangu. Nilikwenda kwa Chepchumba nikaazima msumeno wake wa kukatia kuni, kitu chenye kutu, meno mengine yalishang'oka. Nikaburuta ubao mmoja wa paa mpaka uani, nikaweka goti juu yake, nikaanza kukata. Sauti iliyotoka hapo, Mungu anisamehe. Ilikuwa kama punda anayebishana na mlango. Sikuwa nimevuka hata unene wa kidole, nikasikia mbio. Wazee wangu walikuja wameshika vichwa.

"Mama Nyambu! Mama Nyambu, wacha!"

"Siachi. Mmekataa kukata, nakata mimi."

"Unaumiza mbao!"

"Basi ikateni nyinyi!"

Gikonyo akapiga magoti mbele yangu. Akautoa ule msumeno mikononi mwangu polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, na macho yake yalikuwa na huruma kabisa. Nikasema moyoni, sasa ameona, sasa ataanza kazi. Akaugeuza huku na huku. Akamtazama Khisa. Khisa akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Wakaupeleka kwenye vaisi, wakatoa tupa.

Siku hiyo nilikaa juu ya matofali yaliyobaki nikacheka peke yangu, na machozi yakanitoka vilevile. Chepchumba mpaka leo huwa anasema hana chombo kikali kama ule msumeno. Anaogopa kuutumia.

Lakini mwisho wa vyombo ulifika. Hakukuwa tena na chuma kwenye boma langu ambacho hakijanolewa. Hata kijiko changu cha uji kilinikata midomo. Ndipo wakaanza mbao. Na jamani, walipokata walikata! Msumeno ulikuwa unaimba, vumbi linaanguka laini kama unga wa Moi's Bridge, pembe za mbao zinakaa sawa hata ukipitisha uzi hauingii. Niliwapikia chapati kwa furaha. Nikasema, kesho kutwa niko ndani.

Niliporudi na chapati nikakuta Gikonyo ameweka ubao wa paa mezani, anaupiga randa.

Kila mtu aliyeolewa na seremala anajua jambo hili: mbao za paa hazipigwi randa. Zinakaa juu gizani, na popo na buibui, nani atazipapasa? Unazikata na kuzipigilia na magamba yake. Lakini chuma kilikuwa kikali mno. Kikishakuwa kikali hivyo kinawasha mikono.

"Khisa, angalia hii," Gikonyo akasema. Randa likatoa utepe mmoja mrefu, mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Hiyo ni kamba ya kufunga ng'ombe," Khisa akasema. "Sogea." Akatoa wake, mwembamba zaidi.

Basi wakaanza kushindana. Ubao ukiisha upande mmoja wanaugeuza upande wa pili. Mbao za paa langu zikawa laini kama viti vya kanisa. Maranda yakajaa banda mpaka kitanda changu kikapotea. Jioni moja Khisa alinyanyua utepe wake mbele ya macho yangu, amefurahi kama mtoto. "Shemeji, tazama hapa! Unaweza kuona mrima!"

Nikatazama. Ni kweli, niliuona mlima kupitia ule utepe. Juu yake kulikuwa na wingu jeusi lililofika mpaka katikati ya anga, na halikuwa limesimama.

Asubuhi nikawaambia, "Mbao ziko tayari. Ngazi ile pale. Sasa zipande."

Gikonyo akaitazama ngazi. Khisa akamtazama Gikonyo.

"Panda wewe kwanza," Gikonyo akasema. "Wewe ni mgeni."

"Mgeni hapandi nyumba ya mwenyeji kwanza. Ni tabia mbaya."

"Kwetu mgeni ndiye huheshimiwa."

"Kwetu ni mwenyeji."

Wakasimama hapo, mikono nyuma, wanaitazama ngazi kama ng'ombe anayetazama daraja jipya. Halafu Khisa akasema, "Unajua, ire patasi nyembamba sijairidhikia."

"Hata mimi nilikuwa nafikiria hiyo," Gikonyo akajibu upesi. Wakageuka wote wawili, na nikaona mabega yao yakishuka, kama watu waliosamehewa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ningependa nisingeelewa. Nikakumbuka Khisa hukaa juu ya kiti kirefu tu, kwa sababu goti lake likikunjika halikunjuki. Nikakumbuka Gikonyo wangu siku hizi akitoka kanisani huteremka ngazi ameshika ukuta, anasema anakagua plasta. Wazee hawa hawakuwa na uwezo tena wa kupanda juu ya nyumba. Kila mmoja alijijua mwenyewe, na kila mmoja alidhani mwenzake bado ana miguu. Kazi ya kunoa mtu anaifanya amekaa. Ndiyo maana haikuisha.

Nilitaka kusema. Lakini ungesema vipi? Umwambie mume wako, mbele ya rafiki waliyelingana naye tangu ujana, kwamba hawezi kupanda nyumba yake? Nilimwendea Chepchumba nikamweleza.

"Mwambie," akasema.

"Wako ungemwambia?"

Akanimiminia maziwa ya mursik, tukakaa tunanywa, tunatazama kuta zangu ng'ambo ya ua.

Nilipopata nafasi nikiwa peke yangu na Gikonyo, nilisema kwa mbali kabisa, "Baba Nyambu, si tutafute vijana wawili wawasaidie kubeba?"

"Vijana gani? Hawa wa siku hizi? Hawajui hata patasi inashikwa wapi. Mimi na Khisa tunatosha."

"Najua mnatosha."

"Kwa nini unaniangalia hivyo?"

"Nakuangalia tu."

Mvua ilikuja siku hiyohiyo, baada ya chakula cha mchana. Kwanza upepo uliokusanya maranda yote na kuyatupa uani kama theluji ninayosikia ya ng'ambo. Halafu harufu ya udongo. Chepchumba akaja anakimbia, amebeba kichwani turubai la kufunikia mahindi.

"Mtu apande! Tufunike ukuta! Mtu apande haraka!"

Ngazi ilikuwa pale. Gikonyo akanitazama, akamtazama Khisa, na sijui alichokiona usoni mwetu, akatwaa turubai, akakamata ngazi akaanza kupanda. Alipanda kidogo tu. Mguu wake ukaanza kutetemeka, ule mtetemeko wa ndama aliyezaliwa sasa hivi, na ngazi yote ikatetemeka naye. Akasimama. Hakupanda, hakushuka. Turubai lilikuwa begani kwake likipigwa na upepo. Khisa alikuwa ameshikilia ngazi chini, paji la uso limegusa mti wake.

Matone ya kwanza yakaanguka makubwa makubwa.

"Baba Nyambu," nikasema, "shuka."

"Siwezi." Akasema tena kwa sauti ndogo, "Siwezi kupanda, na sasa siwezi kushuka."

Khisa hakuinua uso. "Hata mimi, rafiki yangu. Tangu nitoke Bungoma nilikuwa nangoja wewe ndio useme."

Nilimshusha mimi. Nilikuwa nashika kisigino chake, nakiweka kwenye ngazi ya chini, nashika kingine, nakiweka, na yeye ananifuata kama mtoto anayejifunza kutembea kinyumenyume. Mvua ilikuwa imeshakuwa mvua. Chepchumba akapiga kelele tuchukue mbao ndefu tuinue turubai kwa chini, kila mtu pembe yake. Wazo zuri. Tukachukua zile mbao za paa. Lakini zilikuwa zimepigwa randa pande zote mpaka zikang'aa, na zilipoloa zilitutoka mikononi kama kambare. Ukiinua, inateleza. Ukikaza, inateleza. Turubai likipanda huku linaanguka kule. Tulikuwa watu wazima wanne tunapigana na mbao laini kwenye mvua, na Khisa anapiga kelele, "Nani aripiga hii randa namna hii!" na Gikonyo anamjibu, "Hiyo ni yako! Yangu ni ile nyembamba!"

Tuliweza kushikilia upande wa vyumba. Upande wa jikoni hatukufika. Ukuta ule ulikunywa maji taratibu, ukabadilika rangi, ukatoa tumbo, halafu ukalala chini. Haukuanguka kwa kishindo. Ulitoa sauti ya ng'ombe anapolala, huff, basi. Tukaendelea kuinua mikono, maana tukishusha, hata kuta zilizobaki zingekwenda.

Mvua ilipokatika tulikaa bandani, tumeloa. Khisa alikuwa ametandaza mikono yake mapajani anaitazama. Nilisubiri waanze kukausha vyombo. Hawakugusa. Kutu ilikuwa inaingia kwenye makali ya majuma mazima mbele ya macho yao na hakuna aliyenyoosha mkono. Ningefurahi kuwaona wakinoa wakati ule, nawaambia ukweli.

Asubuhi Gikonyo alivaa koti lake la kanisa akatoka bila kunywa chai. Alirudi na kijana anaitwa Kiplangat, fundi wa kujenga majumba ya kupanga, pamoja na mwenzake. Alikwenda kumwita mwenyewe. Sikumtuma.

"Wazee, sasa?" kijana akasalimu. "Shosho, habari." Akazunguka nyumba, akapapasa mbao moja, akapapasa ya pili. "Ai. Hizi ni za paa ama ni za kabati? Nani alipiga randa?"

Gikonyo akafunga vifungo vya koti lake.

"Fanya kazi, kijana," Khisa akasema.

Kiplangat akasema jikoni hakuna ukuta tena na mawingu yanarudi, kwa hivyo nyumba itabidi iwe fupi. Mbao zitapunguzwa kwenye ncha. Zile pembe zao zote, ambazo uzi haukuingia, zitakwenda. Akapanda ngazi na mikono mfukoni, karibu hivyo, kama mtu anayepanda kitandani. Akatoa msumeno wake. Niliyaona meno yake kutoka chini. Na wao waliyaona.

"Tumpe wetu?" Khisa akanong'ona.

Gikonyo akatikisa kichwa. "Ataupiga kwenye msumari."

"Kweri."

"Basi."

Nikaenda kukaa nao nyuma ya banda, ambako hawangeona, lakini kusikia walikuwa wanasikia. Msumeno ulianza. Khisa alifunga macho. Akachukua maranda kidogo akayaviringa, akayatia masikioni, yale yake membamba ya kuonea mlima. Gikonyo hakuziba. Nilimshika mkono, ule wa kushoto usio na nywele, ulikuwa baridi. Juu ya mlima mawingu yalikuwa yanajipanga tena. Bati la kwanza likalia.

"Wamefika wapi?" akaniuliza.

"Wako kwa boriti ya katikati."

"Wanakata ama wanatafuna?"

Nilisikiliza vizuri ili nisimdanganye.

"Wanatafuna," nikasema.

Akavuta pumzi, akauweka mkono wake wa pili juu ya wangu.

"Waache watafune," akasema. "Waambie waharakishe."